Mama Kona na Mteremko wa Mchanga

Dada yangu hajui kuendesha gari. Nalisema jambo hili mapema kwa sababu watu wakiligundua baadaye hukasirika, hasa madereva. Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye anayewapangia njia ya mlimani madereva wote wa yadi yetu, wanaume wenye shingo nene na leseni za kila daraja. Anawaambia wapande na gia gani, wapumzike wapi, na kona ipi waiingie kwa adabu. Nao wanatii. Mimi ni mtunza tairi katika yadi hiyo hiyo, kwa hiyo nimewaona kwa macho yangu wakitii huku wamenuna.

Chumba chake kiko pembeni, kinatazama mahali pa kuoshea magari. Meza yake ina mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha boksi, na juu yake kuna rula, kalamu tatu na madaftari makubwa ya jalada gumu. Mlima wote umo humo. Meneja aliwahi kumletea simu mpya yenye ramani inayozungumza, akamwonyesha kwamba kutoka yadini hadi ng'ambo ya mlima ni saa tatu na dakika kumi. Dada akaisikiliza mpaka ikamaliza.

"Imevuta tela lini, hii?" akauliza.

Simu ikarudi kwa meneja.

Kila kona ameipa jina. Kuna Kona ya Wakwe, unaingia polepole na kichwa umekiinamisha. Kuna Kona ya Samahani, ambapo magari marefu mawili yakikutana lazima moja lirudi nyuma. Na kuna Kona ya Talaka, ambapo kichwa cha lori kinakwenda huku na tela linataka kwenda kule. Ndiyo maana yadi nzima wanamwita Mama Kona, hata meneja, ingawa yeye humwita hivyo dada akiwa ametoka.

Haya yote aliyajua akiwa bibi harusi. Shemeji alikuwa dereva wa tela, na siku tatu baada ya ndoa alipewa safari, akamchukua mkewe. Fungate yao ilikuwa ya tani ishirini za saruji. Dada anasema mlima ule ulimtapisha mara mbili wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi, kwa kuwa hakuwa na kitu kilichobaki tumboni, akachukua kalamu na kuanza kuandika.

Utaratibu wake ni mmoja na hauna msamaha. Anakuandikia karatasi ya njia, unakwenda nayo nyumbani, kisha unarudi kusimama mbele ya meza yake na kuisema yote kwa kichwa, kuanzia geti hadi mwisho wa safari. Ukikosea, unaanza upya. Nimeona dereva mwenye wajukuu akirudia mara nne kama mtoto anayesoma jedwali la kuzidisha. Karatasi inaweza kupeperuka dirishani, anasema dada, na kwenye kona hakuna mtu wa kukushikia uisome.

Shemeji naye ana habari yake. Miaka tisa iliyopita, akiwa na tela limejaa mabomba ya chuma, breki zilimkataa akishuka upande wa pili wa mlima. Pale hapatishi hata kidogo. Ni mteremko mrefu ulionyooka, mpana, laini, unaoonekana kama zawadi baada ya kona zote zile, ila mwishoni kabisa una mkunjo mkali na chini ya mkunjo kuna shule. Siku ile wajenzi wa barabara walikuwa wamemwaga chungu ya mchanga kando. Shemeji akaliingiza lori lake lote kwenye mchanga ule. Mabomba yalitawanyika, yeye akavunjika nyonga, na shuleni hakuna aliyeguswa.

Tangu hapo wakamwita Shujaa, na mteremko ukaitwa Mteremko wa Mchanga. Hakuendesha tena malori. Alipewa kazi ya kufungua geti la yadi, anaifanya kwa utulivu akichechemea. Fundi aliyekuwa amezikagua zile breki aliondolewa karakana akapewa kupaka rangi mageti na vyuma vya madirisha. Na dada, kwa kila gari lililopita mlimani kuanzia siku ile, akaongeza mstari mmoja kwenye karatasi: *Kabla ya Mteremko wa Mchanga simama dakika thelathini, pooza breki.* Kwa miaka tisa madereva wetu wamesimama pale kileleni, ukungu ukiwapiga, wakitazama saa. Meneja aliulalamikia mstari huo kila mwaka. Dada alimjibu kila mwaka kwamba anayetaka kuufuta aje kwanza amwangalie nyonga mume wake.

Basi mwaka huu ikaletwa kazi ya tela la macho.

Lilikuwa tela jeupe, refu kwenda juu, lenye madirisha na mlango wake. Ndani mlikuwa na kiti cha mgonjwa, mashine za kupimia macho na vitanda viwili vya wauguzi. Linavutwa na pikapu yenye nguvu. Lilitakiwa ng'ambo ya mlima kwa miezi sita, kwa watu wasiofika hospitali. Wenye tela waliomba yadi yetu iwapangie njia na iwapatie dereva. Dereva akapatikana: mpwa wangu, binti pekee wa dada na Shemeji, miaka ishirini na sita, aliyekuwa akiendesha gari la kusambaza vitabu kule tambarare.

Sikuwahi kumwona dada akipanga njia namna ile. Alilizunguka tela kama mtu anayenunua ng'ombe asiyemwamini. Akalisukuma kwa bega.

"Jepesi halafu refu," akasema. "Upepo wa kule kwenye shingo ya mlima utalichezea. Apite kabla ya saa sita mchana."

Kisha akanipa ncha moja ya kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa amepima pikapu na tela vikiwa vimeunganishwa, mita kumi na tatu, na kamba akaikata hapo. Kesho yake tulipanda mlima kwa gari la abiria, tukashuka kila palipo na kona mbaya. Dada akasimama ndani ya mkunjo na ncha yake, mimi nje ya mkunjo na yangu, tukawa ndio pikapu na tela. Mimi nilikuwa tela. Tulizungushana hivyo kwenye kona kumi na moja huku malori yakitupigia honi, na mtu mmoja akatoa kichwa dirishani kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia mimi ni tela, akafunga kioo.

Lakini kazi ilifanyika. Dada alijua wapi binti yake avute pumzi na wapi atanue kona. Alijua mahali pa kupisha magari, na mahali pa mwisho pa kugeuza tela kama mambo yakiharibika, maana baada ya hapo ni kwenda mbele tu. Aliandika wapi ajaze mafuta, wapi ashuke kukagua ndoano ya kuvutia na minyororo yake, na mimi nikaandika upepo wa tairi zote sita. Karatasi ya kawaida huwa ukurasa mmoja. Hii ilikuwa minne.

Jioni moja kabla ya kula, mpwa wangu akaja kuikariri. Kwa kuwa ni mtoto wa nyumba, alikaririshwa nyumbani, mezani, lakini alisimamishwa kama wengine. Shemeji alikuwa kwenye kochi amefungua redio iliyoharibika, anatafuta ubaya wake kwa bisibisi. Mimi nilikuja kwa sababu nilialikwa chakula, sikujua kama kuna mtihani.

"Anza," dada akasema.

Akaanza. Alipita getini, akajaza mafuta, akakagua ndoano. Akapanda kwa gia ya pili, akaingia Kona ya Wakwe kwa adabu, akatanua Kona ya Talaka, akapita shingo ya mlima saa tano na nusu kabla ya upepo. Hakukosea hata neno. Dada alikuwa akifuatisha kwa kalamu, na ingawa uso wake hauna mazoea ya kujisifu, niliona amefurahi.

"Nafika kabla ya Mteremko wa Mchanga," mpwa wangu akasema. "Nasimama dakika thelathini, napooza breki. Halafu naweka nyutro, naruka."

Kalamu ikasimama.

"Unaruka nini?"

"Mteremko, Mama. Kama na Baba." Alikuwa anatabasamu. "Nilipokuwa mdogo, likizo, akinichukua. Tukifika pale anatoa gia, injini inanyamaza, unasikia upepo tu. Tulikuwa tunaita kuruka. Gari linajiendesha lenyewe."

Kwa asiyejua: nyutro ni pale gia haijashika kitu. Injini na magurudumu vinakuwa havina habari kila kimoja na kingine. Ukiwa tambarare hakuna tatizo. Ukiwa unashuka mlima na tela nyuma yako, hakuna tena kinachokushika isipokuwa breki, na tela linakusukuma mgongoni. Madereva wa zamani walifanya hivyo kuokoa mafuta na wakasifiwa, majina yao yakibandikwa ubaoni. Dada hakuwahi kuandika katazo hilo kwenye karatasi yoyote. Hakuwahi kuwaza kwamba mtu mwenye akili timamu angehitaji kukatazwa.

Akamgeukia mumewe. "Mlikuwa mnafanya hivyo?"

"Alikuwa mtoto," Shemeji akasema, macho kwenye redio. "Alikuwa anapenda." Kisha akamwambia binti yake, "Usifanye. Hayo ni mambo ya zamani."

"Kwa nini, Baba? Ulifanya miaka yote na hukupata kitu."

"Nimesema usifanye."

"Breki zilikukataa, hiyo ni habari nyingine. Ilikuwa kosa la fundi. Zangu nitakuwa nimezipooza nusu saa nzima." Akacheka kidogo. "Pale ndipo ninapopakumbuka kuliko mahali popote na wewe. Nimepangojea tangu waliponipa kazi."

Namfahamu mpwa wangu. Ukimkataza bila sababu anasema ndiyo, kisha anakwenda kufanya. Kama mama yake. Na Shemeji anamfahamu kuliko mimi. Nilimwona anaweka bisibisi chini, anaiokota, anaiweka tena. Ningeweza kusema nilishaelewa, lakini ningekuwa natia chumvi. Nilidhani nyonga inamuuma.

"Hazikukataa," akasema.

"Nini hazikukataa?" dada akauliza.

"Breki. Breki zilikuwa nzima. Siku ile niliweka nyutro."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na miaka tisa, na ingeendelea.

Akaeleza akiwa anatazama sakafu. Aliitoa gia juu kabisa kama kawaida yake. Binti hakuwemo, alikuwa shule, lakini mazoea ni mazoea, na alikuwa anaupenda ule ukimya. Mabomba yalikuwa mazito kuliko mizigo yake ya siku zote. Alipoona mwendo umezidi akataka kurudisha gia, ikakataa, ikawa inasaga tu. Akakanyaga breki, akaendelea kukanyaga mpaka zikatoa moshi, na hapo kweli zikakwisha. Akaona paa la shule. Akaona mchanga.

"Walipokuja kunitoa walikuwa wameshaamua wenyewe," akasema. "Wakasema breki, pole sana, breki. Mimi nikanyamaza. Kesho yake nikawa siwezi tena kusema."

Mpwa wangu alikaa chini bila kuruhusiwa. Mimi nilitazama chakula kinavyopoa. Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilimkumbuka fundi na kopo lake la rangi, ambaye nampita kila asubuhi kwenye geti analolifungua huyu huyu.

Dada hakulia wala hakupiga kelele. Alifungua daftari ukurasa mpya, akachora mstari kwa rula.

"Uliitoa wapi gia? Kabla ya nguzo za umeme au baada?"

"Mama fulani..." Shemeji akaanza. Anapoona aibu humwita hivyo.

"Kabla au baada?"

"Kabla. Kama hatua mia."

"Mwendo?"

"Arobaini. Penye kibao cha shule ulikuwa themanini na kitu."

"Ulijaribu kurudisha gia gani?"

"Ya tatu. Halafu ya nne. Yoyote."

"Moshi ulianzia wapi?"

Aliuliza hivyo karibu saa nzima. Shemeji alijibu kila swali kama mtu aliye mbele ya hakimu, na kila jibu liliandikwa. Mwishoni dada akafunika kalamu kwa kifuniko chake.

"Miaka tisa nawasimamisha watu kwenye ukungu," akasema, "kupooza breki ambazo hazikuwa na joto." Akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu. Nimemjua dada yangu maisha yangu yote na sijawahi kuusikia mlango ule ukifungwa taratibu.

Tulikula watatu. Chakula kilikuwa kizuri, hakuna aliyekisifu.

Asubuhi Shemeji alikuja yadini mapema kuliko zamu yake. Hakwenda getini. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi, aliyekuwa anachochea rangi ya kijivu kwa kijiti, akamwambia yote amesimama, mbele yetu sisi wa tairi. Fundi aliendelea kuchochea.

"Nilijua," akasema. "Zile breki nilizifunga mwenyewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema kwa wiki mbili. Wewe ulikuwa shujaa, nani angenisikiliza?" Akaweka kijiti pembeni. "Sasa nenda kwa meneja ukaseme huko. Kwangu unanipotezea rangi, inakauka."

Akaenda. Mlango wa meneja ulifungwa kwa muda mrefu. Geti siku hiyo tulijifungulia wenyewe. Mchana karatasi mpya ya njia ilibandikwa ubaoni, kwa mwandiko wa dada, na madereva wakaisoma kimyakimya, mmoja baada ya mwingine. Mstari wa dakika thelathini ulikuwa umefutwa. Badala yake paliandikwa: *Mteremko wa Mchanga. Kabla ya kuanza kushuka ingiza gia ya pili, usiitoe mpaka chini. Hapa dereva wetu aliweka nyutro akidhani anaujua mlima. Breki zilikuwa nzima.* Hapakuwa na jina. Shemeji aliomba kalamu, akaliandika jina lake pembeni.

Dada alikuwa haongei naye. Kwa siku nne kila alilotaka kumwambia lilipitia kwangu. "Mwambie shemeji yako chai ipo." Tuko watatu mezani, chai ipo katikati, na mimi namwambia.

Siku ya safari mpwa wangu alikariri tena, safari hii hadi chini. Alikagua ndoano, akavuta minyororo, akaniamkia, "Shikamoo Mjomba," kwa sauti ya mtu ambaye hataki mazungumzo, akaondoka. Dada alikuwa ameandika kwamba atafika chini ya mlima saa saba na nusu mchana na atapiga simu.

Saa saba na nusu ikafika. Tulikuwa chumbani kwa dada, mimi na yeye, nikijifanya nimefuata orodha ya tairi. Saa nane. Dada alinyoosha madaftari ambayo yalikuwa yamenyooka. Saa nane na robo Shemeji akaja kutoka getini, akasimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Hakuna aliyemfukuza. Nilikuwa nawaza upepo wa tairi niliouandika, kama niliuandika sawasawa.

"Mwambie aingie," dada akasema. "Anazuia hewa."

"Ingia, Shemeji," nikasema.

Saa nane na dakika arobaini simu ikalia. Dada aliipokea kabla haijalia mara ya pili. Akasikiliza. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nne: akamtazama mumewe machoni, akamnyooshea simu.

"Anakutaka wewe."

Shemeji aliishika kwa mikono yote miwili. Sauti ya mpwa wangu ilikuwa kubwa, ilijaa chumba kizima, na nyuma yake honi zilikuwa zinalia bila kupumzika.

"Baba, nimefika chini! Gia ya pili, mwanzo mpaka mwisho, sijaitoa! Nilikuwa natambaa kama jongoo. Foleni nyuma yangu imefika kule juu, wote wananipita sasa hivi, wananitukana kila mmoja na lake. Kuna mmoja ameniambia nikauze ndizi."

Machozi yalikuwa yanamshuka Shemeji na hakuyafuta.

"Baba? Unanisikia? Nasema wananitukana."

"Waache wakutukane, mwanangu," akasema. "Mimi walinipigia makofi."